Kaunta na Baraza: Somo la Kariakoo tangu Januari 1964

Baada ya ibada ya asubuhi pale Azania Front, mtu asiye na haraka anaweza kuacha daladala na kutembea kwa miguu hadi Kariakoo. Anaiacha bahari mgongoni, anavuka Mtaa wa Samora, anapita katikati ya maghorofa ya zamani ya Uhindini, anasikia kengele ya hekalu upande mmoja na adhana upande mwingine. Kisha majengo yanakoma ghafla. Mbele yake uko uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Akiumaliza uwanja anavuka Mtaa wa Lumumba, na hapo kelele za Kariakoo zinampokea.

Wengi wetu tumepita Mnazi Mmoja mara nyingi bila kujiuliza kwa nini uwanja ule upo. Jibu lake linatufaa sisi tunaokwenda kanisani. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji huu kwa kanuni za ujenzi: ufukweni nyumba za Wazungu, katikati maduka na makazi ya Wahindi, na huko nyuma nyumba za Waafrika. Ili upande wa Waafrika usigusane na upande mwingine, Waingereza waliacha eneo la wazi katikati. Eneo hilo ndilo Mnazi Mmoja. Leo tunapumzika pale chini ya miti na kufanya mikutano, lakini lilianza kama mpaka kati ya watu na watu.

Hata jina la Kariakoo limetoka vitani. Mwaka 1916, Waingereza walipoiteka Dar es Salaam, waliweka hapo kambi ya kikosi cha wapagazi, yaani Carrier Corps. Vinywa vya watu wa mji viligeuza maneno hayo kuwa Kariakoo. Wapagazi wale walibebeshwa chakula na risasi za vita ambayo haikuwa yao, na katika Afrika Mashariki makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kila tunapotaja jina la soko letu tunawataja wao, hata kama hatukusudii.

Ndugu msomaji, katika insha hii nataka tukumbuke juma moja la Januari 1964 lililowakuta watu wa mitaa hii. Ni juma ambalo hatulisimulii sana, labda kwa sababu linatutia aibu. Naamini tukilitazama vizuri tutaona chuki ilikopitia, na tutaona pia mlango ambao tumaini liliingilia.

Tuanze na namna watu walivyoishi. Kariakoo ya zamani ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo, na mbele ya mlango baraza ya kukalia. Katika vyumba sita ungeweza kumkuta Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mndengereko, Mwislamu na Mkristo, wote wakitumia uani mmoja. Hapo hakuna siri. Mtoto wa jirani akiugua usiku, wote mmeamka. Jioni wanaume walikaa barazani wakicheza bao na kunywa kahawa, na akina mama walisukana uani. Walikuwa na utani wa makabila, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi uliokua tangu enzi za misafara. Wazee wanatufundisha kwamba baadhi ya makabila yaliyo watani leo yalipigana zamani. Mababu zao walijua kwamba baada ya vita watu wanahitaji kitu cha kuwaruhusu wachekane, na kuwalazimu wazikane.

Baraza hiyo ndiyo iliyozaa siasa ya uhuru. TANU iliundwa 7 Julai 1954 katika nyumba iliyokuwa mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba. Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyetoka Butiama na aliyekuwa akifundisha Pugu, alipokelewa Kariakoo na wenyeji wake, wengi wao Waislamu. Mmoja wao alikuwa Abdulwahid Sykes, msimamizi wa Soko la Kariakoo na kiongozi wa TAA, chama kilichoitangulia TANU. Sisi Wakristo tunaomsifu Mwalimu tusisahau ni kina nani waliomkaribisha mjini.

Lakini baraza ile haikumfikia kila mtu. Ng'ambo ya Mnazi Mmoja, na hata katika mitaa ya Kariakoo yenyewe, kulikuwa na mwenye duka Mhindi au Mwarabu. Watu walionana naye kila siku, ila walionana naye kwenye kaunta. Yeye alikuwa upande mmoja na mizani yake, mteja upande mwingine na senti zake. Serikali ya kikoloni iliikaza hali hiyo kwa sheria. Ilikuwepo sheria iliyosema kwamba mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali, hawezi kulidai deni lile mahakamani. Walioitunga walidai inamlinda Mwafrika. Matokeo yake Mwafrika alinyimwa mtaji, na mwenye duka akafundishwa kwamba mtu huyu haaminiki. Walikuwepo waliokopeshana hata hivyo, kwa daftari na kwa neno la mtu tu. Hata hivyo katika mji mzima, mali ilikuwa upande mmoja wa kaunta na uhitaji upande wa pili.

Viongozi wa uhuru waliiona hatari hiyo. Katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, TANU iliunga mkono wagombea wa rangi zote. Hivyo ndivyo Amir Jamal alivyoingia katika Baraza la Kutunga Sheria; baadaye akawa Waziri wa Fedha. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu alikataa kwa ukali, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali ubaguzi wa rangi. Na 7 Januari 1964 alitangaza kwamba katika kazi za serikali raia wote watahesabiwa sawa, bila kutazama rangi. Vyama vya wafanyakazi vililalamika. Waafrika wengi walijiuliza: tumepata uhuru, mbona wakubwa wa kazini na wenye maduka ni wale wale?

Siku tano baadaye, 12 Januari, yakatokea mapinduzi ya Zanzibar na mauaji yaliyofuatana nayo, na kikosi cha polisi kikapelekwa Unguja kutoka Dar es Salaam. Kisha usiku wa kuamkia Jumatatu, 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini na kushika sehemu muhimu. Madai yao yalikuwa mawili: mishahara zaidi, na maofisa wawe Waafrika. Mwalimu na Rashidi Kawawa walifichwa mahali pa salama, na Waziri Oscar Kambona akaenda kuzungumza na askari.

Asubuhi ile mji ulikuwa hauna mwenyewe. Baadhi ya askari, na raia waliowafuata, walianza kuvunja maduka. Uporaji ulienea Uhindini, Kariakoo na Magomeni. Vitambaa, redio, mafuta na sukari vilibebwa mabegani. Huko Magomeni wenye maduka Waarabu walikuwa miongoni mwa waliouawa. Kwa jumla watu zaidi ya kumi walipoteza maisha yao mjini siku ile, na wengine wengi walijeruhiwa.

Hapa ndipo pagumu, wapendwa. Askari walidai mishahara. Mwenye duka la Magomeni hakuwa na uwezo wa kuwapandishia mshahara. Walidai maofisa Waafrika. Muuza vitambaa wa Uhindini hakuwa ofisa wa jeshi. Kwa nini basi hasira ilipotoka kambini ilikwenda moja kwa moja dukani? Kwa sababu ilimkuta mtu ambaye watu walikuwa wanamjua kwa sura na hawakumjua kwa maisha. Walijua bei zake. Hawakujua mama yake anaumwa nini, wala yeye hakujua ya kwao. Hakukuwa na mtani wa kusimama mlangoni na kusema: huyu ni wetu, mkimgusa mmenigusa mimi. Malalamiko juu ya umaskini yalikuwa ya haki. Waliolipia malalamiko hayo hawakuwa wadaiwa.

Nasi tuliokuwa kanisani hatuwezi kunawa mikono. Wagoa wa mji huu, watu wa asili ya Goa huko India, wengi wao walikuwa Wakatoliki walioabudu katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Mwafrika na Mgoa waliweza kupokea sakramenti katika jengo moja Jumapili, kisha kila mmoja akarudi upande wake wa mji. Kama meza ya Bwana haikutosha kututoa kwenye kaunta, kosa halikuwa la meza. Sisi ndio tulioinuka mezani mapema mno.

Jioni ya 21 Januari Mwalimu alisikika redioni, na siku iliyofuata alipita mjini kuona uharibifu. Hakuficha aibu yake. Alisema wazi kwamba yaliyotokea ni fedheha kwa taifa na kwamba itachukua muda mrefu kuifuta. Maasi yakawaka pia Uganda na Kenya. Mwalimu akalazimika kufanya jambo lililomuuma, kuwaomba Waingereza msaada, miaka miwili tu baada ya uhuru. Alfajiri ya Jumamosi, 25 Januari, makomando wao walishuka Colito kwa helikopta na maasi yakaisha. Jeshi lile lilivunjwa, na 1 Septemba 1964 likaundwa jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Ningetamani kusema kwamba baada ya hapo yote yalikuwa heri. Historia haisemi hivyo. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Sheria haikutaja rangi, lakini wenye majumba wengi walikuwa Wahindi, na maelfu walifunga masanduku wakaenda Uingereza na Canada. Wapo waliozaliwa mitaa hii ambao mpaka leo wanaota kwa Kiswahili wakiwa Toronto. Mwafrika aliyepata chumba mjini kwa kodi nafuu alishukuru. Mhindi aliyejenga ghorofa ile kwa jasho la babu yake alilia. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na Mkristo asichague kusikia mmoja tu.

Hata hivyo, katika jambo hilo lililoumiza kulitokea kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Katika maghorofa ya Msajili, familia za Kiafrika zilihamia jirani na familia za Kihindi zilizobaki. Wakaanza kukutana kwenye ngazi, wakibeba ndoo kutoka bomba moja. Miaka ya mwanzoni ya 1980, sukari na sabuni zilipoadimika, walikutana tena kwenye foleni. Mtu aliyekuwa nyuma ya kaunta sasa alikuwa mbele yako katika mstari, naye hana sabuni kama wewe. Watoto wao walisoma pamoja katika shule za serikali kwa Kiswahili. Umaskini siupendi na siusifu. Nasema tu kwamba ngazi na foleni zilifanya kazi ya baraza. Ziliwapa watu mahali pa kukutana pasipokuwa pa kununua na kuuza.

Je, tumepona? Mwezi Oktoba 2012 tulijibiwa swali hilo. Mbagala, watoto wawili walibishana juu ya Kurani, mmoja akaikojolea. Haukupita muda mrefu, ugomvi wa watoto ukawa hasira ya umati, na makanisa yakavunjwa na kuchomwa moto. Ijumaa ya wiki iliyofuata mitaa ya Kariakoo ilijaa moshi wa mabomu ya machozi, maduka yakafungwa, wanajeshi wakaonekana mjini. Rais Jakaya Kikwete alifika Mbagala kuona makanisa yaliyoharibiwa na kutuliza watu. Wengi wetu tulikumbuka tulivyoogopa kuvaa msalaba nje ya nguo, na jirani zetu Waislamu walivyoogopa kutazamwa kama wahalifu. Hali ilikuwa ile ya 1964, kwa majina mengine: hasira kubwa ilikwenda kwa mtu aliyekuwa karibu na asiyejulikana.

Lakini tazama pia yaliyofuata. Nchi haikugawanyika. Wiki zilipopita, Mkristo alirudi kununua mchele kwa Mwislamu, na Mwislamu akaja msibani kwa Mkristo na kukaa kwenye mkeka hadi mwisho. Misiba yetu haijui mipaka ya dini, na katika mji huu hiyo ni hazina kuliko hotuba nyingi.

Tuliiona hazina hiyo tena asubuhi ya 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo likiwa limejaa wafanyabiashara na wateja. Zaidi ya watu ishirini na watano walifariki, na makumi waliokolewa. Wa kwanza kufika walikuwa machinga, wabeba mizigo na wenye maduka ya jirani, waliochimba kifusi kwa mikono na nyundo kabla mitambo haijafika. Aliyesikia sauti chini ya zege hakuuliza ni ya dini gani. Wakati ule, kila aliyekuwa chini alikuwa wetu.

Kuna mtu mmoja katika Injili ambaye tunamsahau. Katika Luka sura ya 10 tunamhubiri Msamaria, na ni haki. Ila nyuma yake yuko mwenye nyumba ya wageni, mfanyabiashara mwenye kaunta yake. Anafikiwa na mtu wa kabila linalodharauliwa, akiwa na majeruhi asiyejulikana. Msamaria anampa dinari mbili na kuahidi kwamba gharama ikizidi, atalipa atakaporudi. Mwenye nyumba hakuandikiwa hati. Alipewa neno la mgeni, na Bwana wetu hakutuambia kwamba alilikataa. Uponyaji wa majeruhi yule ulihitaji wote wawili: anayebeba na anayekopesha. Sheria ya wakoloni iliogopa jambo hilohilo, Mwafrika na mwenye duka kuaminiana kwa neno.

Leo Kariakoo ina kaunta mpya. Yuko Mchina aliyepanga fremu, yuko Mkongo na Mzambia aliyekuja kununua jumla, yuko kijana wa Kimakonde au Kichaga anayetandaza bidhaa mbele ya duka la mwingine. Malalamiko ya ushindani, kodi na fremu ni ya kweli, na yana mahali pake pa kusemwa na kutatuliwa. Lakini tukimsikia mtu akisema "hawa wageni" kwa sauti ya aina fulani, sisi tunaokumbuka Januari 1964 tunapaswa kushtuka mapema.

Nini basi kifanyike? Nataja mambo machache ambayo usharika wowote wa katikati ya mji unaweza kuyaanza bila kamati kubwa. Kila familia ijue jina la mwenye duka inakonunua, na jina la mke au mume wake na watoto wake. Tukiwa na msiba au harusi tumpelekee taarifa. Akiwa na msiba twende, tukae, tusiondoke kabla ya kuzika. Jumuiya zetu zisikutane Kariakoo kama kisiwa. Zijue msikiti na hekalu vilivyo jirani, na kiongozi wa kila upande awe na namba ya simu ya mwenzake kabla ya siku ya matata, kwa sababu siku ya matata huwa imechelewa. Na vijana wetu wafundishwe juma lile la 1964 pamoja na sifa za uhuru, ili wajue kwamba watu wema wa mji huu waliwahi kubeba vitambaa vya jirani yao mabegani.

Tumaini ninaloliona lina saruji na vumbi. Liko barazani, kwenye ngazi za ghorofa za Msajili, kwenye mkeka wa msiba, kwenye mikono iliyochimba kifusi. Mungu ametuwekea sehemu hizi katika mji uliogawanywa makusudi. Jumapili ijayo, baada ya ibada, jaribu kutembea. Vuka Mnazi Mmoja polepole, ukijua ulikuwa mpaka. Ukifika ng'ambo, simama kwenye duka lolote, salimia kwanza kabla hujauliza bei, na ukijaaliwa kukaribishwa kiti, kaa.